Kima haikupewa jina na simba

Ni aibu kwa mwalimu wa isimu kukiri hadharani kwamba kwa miaka kadhaa aliwafunza wanafunzi wake uongo, tena uongo aliouokota utotoni ndani ya behewa la daraja la tatu. Lakini maadamu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu wenzangu na wanafunzi wao, na maadamu kisa chenyewe ningali nakisikia kikirudiwa madarasani, naona heri nikiri mapema.

Kati ya Sultan Hamud na Kiu, katika nchi ya Makueni, ipo stesheni ndogo ya reli ya zamani iitwayo Kima. Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akitupeleka Nairobi wakati wa likizo kumwona mjomba wetu. Gari la moshi liliondoka Mombasa jioni, na kabla ya alfajiri likawa linajikokota kupanda miinuko ya Ukambani. Safari moja likasimama mahali pasipo hata taa moja. Ndugu yangu akataka kuchungulia nje. Mama akamvuta shati. "Rudisha kichwa ndani, mwanangu. Hapa ni Kima. Hapa ndipo simba alipoingia ndani ya gari akamla Mzungu, akamsaga hata akawa kima. Ndipo pakaitwa hivyo." Hatukuthubutu tena kuchungulia. Mama hakuwa na nia ya kutufundisha historia. Alitaka tukae kitako. Hata hivyo, yale maneno yalinikaa akilini kama msumari.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mhadhiri, nilikuwa na somo la majina ya mahali. Nilipofika kwenye sehemu ya jinsi tukio linavyoweza kuzaa jina, mfano ulinijia bila kuutafuta: Kima. Nikausimulia kwa madaha, na wanafunzi wakaandika. Mwaka uliofuata nikaurudia, na mwaka wa tatu vilevile. Mwaka wa nne, msichana mmoja aliyeketi nyuma, mzaliwa wa Kilome, aliinua mkono.

"Mwalimu, ile telegramu ya kuomba msaada dhidi ya simba ilitoka stesheni gani?"

Nikamjibu kuwa ilitoka Kima.

"Na wakati ilipotumwa, yule Mzungu alikuwa amekwisha kuliwa?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilitambua papo hapo kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili amenishinda kwa hoja ambayo hata mtoto wa shule ya msingi angeweza kuitoa, lau angefunzwa kuuliza.

Na tuyatazame yale yasiyo na ubishi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwezi Mei 1899, na ikagusa ziwa huko Kisumu mwezi Desemba 1901. Kima ilikuwa moja ya vituo vingi vidogo vilivyowekwa njiani ili magari yapishane, maana njia ilikuwa moja tu. Usimwazie msomaji mji wala soko. Mwaka 1900 mahali penyewe palikuwa na nyumba ya stesheni yenye paa la bati, mtambo wa telegrafu, tangi la maji na njia ya pembeni.

Simba wa Kima si wale wa Tsavo, ingawa watu huwachanganya. Wale wawili wa Tsavo waliuawa na mhandisi J. H. Patterson mwezi Desemba 1898. Patterson ndiye aliyeandika pia, katika kitabu chake cha mwaka 1907, habari za huyu wa Kima. Anasimulia kwamba simba huyo alikuwa amekwisha kuwaua watu kadhaa kabla Mzungu yeyote hajaguswa. Usiku mmoja alipanda juu ya paa la stesheni akawa anayang'oa mabati, na chini yake karani wa telegrafu akitetemeka na kugonga mtambo kuomba msaada. Usiku mwingine dereva wa gari la moshi alijificha ndani ya tangi la chuma ili amvizie. Simba akalipindua tangi na kuingiza mguu tunduni, akawa anamtafuta mwindaji kama paka anayemtafuta panya ndani ya mtungi. Risasi ya dereva haikumpata, lakini mshindo wake ulimfukuza.

Yote haya yalitokea Kima, na ikiitwa Kima.

Ndipo likaja tukio lenyewe. Mnamo Juni 1900, Charles Ryall, mrakibu wa polisi wa reli, alikuwa safarini kutoka Makindu kwenda Nairobi katika behewa lake la ukaguzi, akiwa na wenzake wawili, Huebner, Mjerumani, na Parenti, Mwitaliano. Walipofika Kima wakaambiwa kuwa simba ameonekana karibu muda mfupi uliopita. Ryall akaamua walale hapo ili amwinde. Behewa likafunguliwa kutoka kwa gari na kusukumwa kwenye njia ya pembeni. Kwa kuwa njia hiyo ilikuwa mpya na haijatulia sawasawa, behewa likainama upande mmoja. Jambo hilo dogo ndilo lililoamua mambo. Huebner alilala kitanda cha juu, Parenti akalala sakafuni, na Ryall akashika zamu ya kwanza kwenye kitanda cha chini karibu na dirisha. Yaelekea usingizi ulimchukua. Simba alipanda ngazi, akausukuma mlango wa kuteleza, akaingia. Na kwa sababu behewa liliinama, mlango ukateleza tena ukajifunga nyuma yake. Watu watatu na simba mmoja wakawa ndani ya chumba kilichofungwa. Simba alimkanyaga Parenti pale sakafuni ili kumfikia Ryall, akamnasa, akatoka naye kwa dirishani. Maiti ilipatikana asubuhi yake na kupelekwa Nairobi kuzikwa. Baadaye simba alinaswa kwa mtego, akaonyeshwa watu kwa siku kadhaa, kisha akapigwa risasi. Behewa lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi, na walimu wengi huwapeleka wanafunzi kuliona.

Kwa hivyo mpangilio wa mambo wasema wazi. Ryall alikwenda kulala Kima kwa sababu ya simba wa Kima. Jina lilitangulia, kifo kikafuata. Mtoto hapewi jina la mgeni ambaye bado hajabisha hodi.

Basi kwa nini sisi waswahili wa pwani, na baada yetu nchi nzima, tulikiamini kisa hiki kwa urahisi hivyo? Jibu limo katika sikio. Kiswahili kina neno kima mara tatu, na maneno hayo matatu hayana undugu. Kuna kima mnyama, jamii ya nyani na tumbili, ambaye ni neno letu la Kibantu. Kuna kima cha kiasi au thamani, kama tusemavyo kima cha chini cha mshahara, na hilo ni la Kiarabu. Na kuna kima ya sambusa, nyama iliyosagwa, iliyotujia kutoka kwa Wahindi. Mtu anayejua Kiswahili anaposoma herufi hizo nne kwenye ubao wa stesheni, sikio lake humpa maana kabla hajaiomba. Kisha anaposikia kwamba mtu aliliwa pale pale, maana ya sambusa huruka na kushikamana na kisa kama kupe na ng'ombe. Huko ndiko kuzaliwa kwa asili za maneno za kubuni: hazianzi na ushahidi, huanza na mfanano wa sauti, halafu hutafuta kisa cha kujivika.

Tazama majirani wa Kima uone jinsi sikio linavyofanya kazi yake. Stesheni inayofuata ukienda Nairobi ni Kiu, na nimewahi kuelezwa, kwa uhakika wote, kwamba makuli waliishiwa maji hapo. Baada ya Kiu ni Ulu. Kuhusu Ulu sijawahi kusimuliwa kisa chochote. Kwa nini? Kwa sababu ulu si neno la Kiswahili. Sikio letu halikupata pa kushika. Lakini Ulu ni jina la kale la nchi ya juu ya Wakamba wa Machakos, na lilikuwa na maana yake muda mrefu kabla reli haijaota katika ndoto ya mtu yeyote. Tunapokosa kulielewa jina, tunaliacha. Tunapodhani tumelielewa, tunalizulia.

Yule msichana wa Kilome hakuishia kwenye swali la telegramu. Baada ya kipindi alinifuata ofisini, akanyosha karatasi mezani na kuandika maneno mawili: Kiima Kiu.

"Hilo ni jina la kwetu, Mwalimu. Lipo hata kwenye orodha ya wadi za Kilome. Maana yake ni mlima mweusi. Sasa zitazame stesheni mbili zilizofuatana: Kima na Kiu."

Nilihisi kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani iliyo puani mwake. Neno kiima katika Kikamba ni kilima au mlima. Machakos kuna mahali paitwapo Kiima Kimwe, yaani mlima mmoja, na hakuna anayefikiri kwamba mtu mmoja alisagwa huko. Na mwanaisimu hahitaji kuamini hivihivi tu, kwa sababu sauti zenyewe zinashuhudia. Pale Kiswahili kinaposema l katika maneno ya namna hii, Kikuyu husema r, na Kikamba huiacha sauti hiyo idondoke kabisa. Sisi twasema kilima, Wakikuyu wasema kirima, Wakamba wasema kiima. Sisi twasema kulima shamba, Wakikuyu kurima, Wakamba kuima. Ni neno lile lile, limevaa kanzu tatu. Karani aliyeandika majina kwenye ramani ya reli hakuwa na sikio la kutofautisha irabu ndefu na fupi. Ii mbili kwake zilikuwa i moja. Kiima ikawa Kima. Toa i moja tu, na kilima kinageuka nyama.

Sisemi kwamba nimemkamata yule karani akiandika. Nasema kwamba jina la mahali katika Ukambani lapaswa kuulizwa kwanza kwa Kikamba kabla ya kuulizwa kwa Kiswahili, na kwamba mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika elimu ya lugha, sikuwahi kuliuliza. Mtito Andei nimelifafanua mara nyingi bila shida, kwamba ni mutitu, msitu, na ndei, yaani tai walao mizoga. Pale niliuliza kwa kuwa jina halikunipa maana ya haraka. Kima ilinidanganya kwa kujifanya yangu.

Kuna neno jingine katika habari hii ambalo limewapoteza wanafunzi wangu. Katika kitabu cha Patterson, yule karani wa telegrafu aliyekuwa chini ya paa linalong'olewa haitwi kwa jina. Anaitwa Babu tu. Mwanafunzi mmoja aliniandikia insha nzuri kuhusu ushujaa wa ajuza wa kiume, mzee wa miaka themanini, aliyeachwa peke yake na wajukuu wake ailinde stesheni. Nilicheka, kisha nikasikitika. Babu kwa Kihindi ni jina la heshima la karani, na hata Afrika Mashariki makarani wa Kihindi wa reli waliitwa hivyo. Yaelekea alikuwa kijana, mbali na kwao, mmoja wa wale Wahindi zaidi ya 31,000 walioletwa kwa kazi za reli hiyo, ambao takriban 2,500 kati yao walikufa. Jina lake halimo kitabuni. Wala hayamo majina ya watu waliouawa na simba pale Kima kabla ya Ryall. Ryall ana kaburi, ana behewa, ana ukurasa katika kila kitabu cha watalii. Na kama uongo wangu ungekuwa kweli, angekuwa na stesheni pia.

Hapa ndipo naona uzito wa jambo lenyewe. Miaka hiyo, mwisho wa karne ya kumi na tisa, Ukambani ulikuwa katika njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe miaka michache kabla, mvua zikakosa, ndui ikafuata. Watu wengi walikufa, na watu walipokufa njiani bila kuzikwa, wanyama walao nyama walizoea kuwala binadamu. Gari la moshi la kwanza lilipita katika nchi iliyokuwa ikizika wafu wake, au isiyoweza kuwazika. Ukimfundisha mwanafunzi kwamba mahali hapo palianza kuwa na jina siku Mwingereza mmoja alipokufa, umemfundisha pia, bila kutamka, kwamba waliokufa kabla yake hawakuwa wakifia mahali popote.

Yule msichana alinieleza jambo moja zaidi siku ile, akiangalia pembeni kidogo. Katika shule yake ya msingi, iliyo katika vilima hivyo hivyo, mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, akakibeba mpaka amsikie mwenzake akikosea amwachie. Siku moja alikivaa kutwa nzima kwa kosa la kumwambia mwenzake kwamba mbuzi wamepanda kiima. Kisha katika somo la historia, mwalimu yule yule akawaambia kuwa Kima maana yake ni nyama ya kusagwa. Naye aliyaandika hayo katika daftari, huku kibao kikining'inia. Ushahidi ulikuwa umefungwa mdomo ndani ya darasa lile lile ulimohitajika.

Mimi nami nilimfanyia vivyo hivyo chuoni, ila bila kibao.

Stesheni zenyewe hizi ndogo, siku zao zilipokuwa bora, zilikuwa shule za Kiswahili. Hapo mkulima Mkamba, karani Mhindi, gadi Mluo na mpishi kutoka Mombasa walilazimika kuelewana kabla gari halijaondoka. Maneno kama stesheni, tikiti, gadi, signali na injini yalienea bara kwa kufuata reli, yakashukia kila palipo na tangi la maji na mwanamke anayeuza mayai ya kuchemsha dirishani. Na gari lenyewe, neno tunalolitumia kila siku bila kulifikiria, ni la Kihindi. Sina chuki na uwezo wa Kiswahili wa kumeza maneno. Ndio uhai wake. Lakini lugha inayomeza maneno ya wengine isijifanye imeyazaa.

Nilirudi Kima mwaka 2018. Nilikwenda kwa barabara, kwani abiria wa Nairobi na Mombasa walikuwa wamehamishiwa reli mpya mwaka 2017, na reli mpya ilijengewa vituo vyake Emali na Kibwezi, Kima haikupewa. Hapakuwa na mtu wa kukata tikiti wala wa kuuza mayai. Nilisimama kwenye jukwaa nikijaribu kukumbuka dirisha tuliloambiwa tusichungulie, na nikashangaa kuona jinsi mahali penyewe palivyo wazi na penye amani mchana. Mbele yangu reli ilipinda kuelekea Kiu, na nyuma ya upindo huo nchi iliinuka.

Mwanafunzi wangu, ambaye wakati huo alikuwa amehitimu na kuwa mwalimu wa sekondari, alinipeleka kumwona nyanya yake. Mama huyo alizaliwa, kwa hesabu yake, wakati wa vita vya Wajerumani vya pili, na utoto wake wote alichuuza ndizi kwenye magari ya moshi. Nilimsalimu kwa heshima kwa Kiswahili changu cha pwani. Tulikunywa chai. Kisha nikamwomba yule mwalimu kijana amwulize kwa Kikamba, kwa ajili yangu, sababu ya stesheni kuitwa Kima.

"Susu," akaanza, akamweleza. Kikongwe alisikiliza hadi mwisho, hata ile sehemu ya simba na nyama ya kusagwa, ambayo ilimfanya aweke kikombe chini. Akanitazama kwa muda, kama anayetaka kuhakikisha kwamba mimi ndiye yule daktari wa lugha aliyeahidiwa. Akageuka, akanyosha fimbo yake kupitia mlangoni kuelekea kwenye mwinuko, akasema neno moja, kwa irabu ndefu isiyo na haraka. Kisha akauliza swali, na mjukuu wake akalitafsiri huku akijizuia kucheka.

"Anauliza, huko Nairobi vile vitu huviita nini?"